Neno Geni Lipe Kigoda

Mwanangu, iko asubuhi moja ya jaribio la darasa la nne ambayo haijanitoka kichwani, ingawa mvi zimenijaa na wengi niliowafundisha sasa wanawapeleka watoto wao shuleni. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa, suruali imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, kalamu mbili mfukoni, nikiwatazama wanafunzi wangu wakiandika. Darasa zima lilikuwa limeinama. Mtoto mmoja tu hakuandika. Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa pili wa habari waliyopewa kusoma, na kidole hicho hakikusogea mpaka kengele ilipogongwa.

Mtoto huyo aliitwa Minza, binti wa Mzee Luhende, na katika darasa lile hakuna aliyemfikia kwa kukumbuka mambo.

Nitakusimulia habari yake, maana najua umepangiwa shule ya kijijini na wiki ijayo utashika chaki kwa mara ya kwanza. Lakini kabla hujalipokea neno, mjue anayelitoa. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Zagayu. Nilichunga ng'ombe wa baba nikiwa na daftari kiunoni. Ada yangu nilijilipia mwenyewe, kwa kuchuma pamba ya watu na kupakia marobota kwenye malori. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna kaka aliyenitangulia kunisafishia njia. Diploma yangu ya ualimu niliipata katika chuo kimoja upande wa Morogoro, wakati ukoo wetu mzima haukuwa na mtu aliyevuka darasa la saba. Nikafundisha huko huko mjini, nikaheshimika. Kisha nikaomba uhamisho, nikarudi nyumbani. Wengi wakipata karatasi hawarudi, hutuma salamu tu. Mimi nilirudi, tena kwa hiari yangu. Mtu akiniuliza kama najivuna, namjibu ndiyo, najivuna, jasho lilikuwa langu. Ukiingia Bariadi kwa barabara ya Maswa, nyumba yenye bati jekundu unayoiona upande wa kulia ni yangu, na kila tofali lake lilifyatuliwa kwa mshahara wa mwalimu.

Haya, tuendelee. Niliporudi nilipangiwa shule moja ndani ya Itilima, si mbali na kwetu. Watoto walizungumza Kisukuma nyumbani, machungani na kisimani. Kiswahili walikikuta darasani, kama mtu anavyokutana na jirani mpya. Hadithi za sungura na fisi waliziweza, maana hadithi humvuta mtoto hata akipoteza neno njiani. Anajua fisi atapigwa mwishoni, basi anavumilia. Shida ilikuwa kwenye habari za mambo ya kweli: habari za wanyama, za maji, za magonjwa ya mimea, za nchi za mbali. Humo hamna fisi wa kumsubiri. Kila mstari una neno lisilojulikana, na mtoto akikwama hana sababu ya kuendelea.

Nikaleta dawa. Nilikuwa na kamusi, nene kama tofali, nimeivalisha jalada la gazeti isichakae. Sidhani kama kulikuwa na nyingine katika kata nzima. Kabla ya kusoma habari yoyote, nilitoa maneno yote magumu, nikayapanga ubaoni, na mbele ya kila neno nikaandika maana yake kwa Kiswahili chepesi. Wasipoelewa bado, nikawaambia kwa Kisukuma. Kisha wakayaimba. Darasa la nne liliimba msamiati kwa sauti mbili, wavulana wakianza na neno, wasichana wakiitikia na maana, mpaka watu waliopita na baiskeli zao wakasimama njiani kusikiliza. Niliwasikia wakisema, “Huyu sasa ndiye mwalimu.” Nami nilikubaliana nao.

Minza aliitikia kuliko wote. Ukimwita neno la mwezi uliopita, alikupa maana yake kabla hujafunga mdomo. Nilimpenda mtoto yule. Wageni wa ofisini wakija, nilimsimamisha yeye.

Sasa lile jaribio halikutungwa na mimi. Lilitungwa na walimu wa kata, na habari yake ilimhusu ngamia. Mstari wa kwanza ulisema ngamia ni mnyama wa jangwani. Mstari wa pili ulisema ngamia anaweza kuhimili kiu, yaani hukaa siku nyingi bila kunywa maji na asidhoofike. Minza alifika kwenye “kuhimili” akaweka kidole. Nilipokusanya karatasi, yake ilikuwa na jina tu.

Nikamwita pembeni. “Minza, mbona hukuandika?”

“Mwalimu, neno hili hujatufundisha.”

“Na yaliyokuja mbele yake?”

“Sikufika.”

“Kwa nini hukufika?”

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakupita ukutani. “Nilikuwa nakungoja,” akasema, na machozi yakamdondoka juu ya karatasi ile nyeupe.

Siku chache baadaye baba yake akaja shuleni. Mzee Luhende alikuwa mfugaji na mkulima wa pamba, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Alisimama mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi.

“Mwadila, mwalimu,” akanisalimu salamu yetu ya mchana.

“Mwadila, mzee. Karibu ukae.”

“Sikai. Nimekuja kuuliza. Huyu mtoto kila jioni anatuimbia maneno, mpaka mbuzi wangu wameyakariri. Sasa ameniletea karatasi nyeupe kama pamba ya daraja la kwanza. Imeandikwa jina lake tu. Mwalimu, jina lake nalijua. Nilimpa mimi.”

Akaendelea, bila hasira.

“Dada yangu ana mgahawa Malampaka, pale karibu na stesheni. Anatafuta msichana wa kuosha vyombo na kupeleka chai kwa abiria. Mtihani wa serikali ukitoka kama huu, Minza ataambiwa arudie darasa. Mimi sitamwacha akae benchi mwaka mwingine akiimba. Nitampeleka kwa shangazi yake. Simwonei, mwalimu. Namtafutia njia.”

Akavaa kofia yake akaondoka. Elewa hapo, mwanangu. Hakuwa baba mbaya. Alikuwa baba aliyeona karatasi tupu. Na miezi iliyobaki kabla ya mtihani ilikuwa michache.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa Mwalimu Limi, mama mtu mzima aliyekuwa akifundisha tangu mimi nikiwa machungani, miwani yake ameifunga kwa uzi shingoni isimpotee. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka meza ya pili. Wazee husema penye wazee haliharibiki neno, lakini hawasemi kwamba neno hilo laweza kukuwasha kwanza.

“Mwalimu wa diploma,” akaniita, ndivyo alivyonitania siku zote, “unapenda michembe au matobolwa?”

Nikashangaa. Unajua sisi hukausha viazi vitamu kwa namna mbili: michembe hukatwa na kuanikwa viazi vikiwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza ndipo huanikwa. “Matobolwa, mama,” nikamjibu.

“Kwa nini?”

“Yameshapikwa. Mtu anatia mdomoni tu.”

“Basi hivyo ndivyo unavyowalisha watoto wa watu. Umewapikia kila neno, wamekula, wameshiba, wanaimba. Siku wakipewa michembe hawajui hata kuwasha moto.”

“Lakini mama, maneno hawayajui. Nisipowaambia, watayajuaje?”

“Wewe ulipofika Morogoro, ulikuwa unayajua maneno ya watu wa huko yote?”

“Hapana.”

“Ulikwenda sokoni na kamusi?”

Nikacheka kidogo. “Hapana, mama. Niliwasikiliza. Nikaangalia wanaelekeza wapi, wanashika nini.”

“Aha. Kumbe macho ulikuwa nayo. Ni watoto tu uliowafumba.” Akavua miwani akaifuta kwa kitenge chake. “Yule mtoto ana akili mara mbili ya unavyofikiri. Nenda kwa Luhende. Usiende kumwomba radhi wala kumsihi. Nenda ukae, umtazame binti yake anavyoishi.”

Maneno yale yalinichoma, sitakuficha. Mtu mwenye karatasi yake hapendi kuambiwa amewafumba watoto macho. Lakini mwenda pole hajikwai. Nikalala na neno lake, na Jumamosi jioni nikapanda baiskeli nikaenda.

Mzee Luhende alikuwa bado lamboni akinywesha ng'ombe, na mkewe alikuwa shambani. Minza ndiye aliyenipokea. Alipiga magoti akanisalimu, akaniletea kigoda kivulini mwa nyumba, akaniletea maji ya kunywa, kisha akakaa kando kumenya karanga, kimya, kama mtoto aliyelelewa. Jua lilipoanza kupoa baba yake akafika, akanisalimu, akaketi. Kabla hajanigeukia mimi, akamwuliza binti yake:

“Nimesikia mchana mbwa walibweka sana. Nani alikuja?”

“Mzee mmoja, baba. Alikuta hakuna mtu mkubwa, akapumzika kidogo akaondoka.”

“Mzee gani?”

“Sikumwuliza jina.”

Baba hakumgombeza. Kwetu, mwanangu, na hili ulijue kama wewe si mtu wa huku, mtoto hamwulizi mtu mzima jina lake. Ni utovu wa adabu mkubwa. Mgeni akija na wakubwa hawapo, mtoto humpa kigoda na maji, na kazi inayobaki ni ya macho na masikio. Wakubwa wakirudi, watamwuliza, naye lazima awe na la kusema.

“Haya, niambie,” akasema Mzee Luhende.

Minza akaacha karanga. “Alikuja na baiskeli, nyuma amefunga tenga la dagaa. Nikajua anatoka upande wa ziwa. Nikadhani ni mchuuzi. Lakini alikaa, akanywa maji, akaongea, na hakutaja bei hata mara moja. Nikaacha kudhani hivyo. Alipoondoka akachota dagaa akaweka kwenye ungo, akasema, ‘Mpe mama yako.’ Hakusema mpe baba yako. Nikaona huyu ni wa kwao mama. Halafu alipokuwa anasukuma baiskeli akasimama pale penye mchongoma, akauliza, ‘Kumbe kisima mlikifukia?’ Mimi kisima hapo sijawahi kukiona. Basi huyu alikuja hapa kabla sijazaliwa, na hajarudi tena.”

Mzee Luhende akapiga paja akacheka mpaka kofia ikamwanguka. “Mabula! Ni Mabula wa Mwamanyili, kule ziwani, kaka mkubwa wa mama yako! Tangu aje kuchukua ng'ombe wa mahari hajakanyaga hapa. Mwambie mama yako akirudi asiende kulala bila kupika dagaa za kaka yake.”

Mimi nilikuwa nimekaa pale na kikombe cha maji mkononi, sijanywa. Nilimtazama mtoto yule aliyeniambia hawezi kupita neno moja asilolijua. Alikuwa amempita mtu mzima mzima asiyemjua, akamzunguka, akamtazama alikuja na nini, alisema nini, hakusema nini. Akadhani, akaona dhana yake haikai, akaitupa, akadhani upya. Mwanangu, hiyo ni kazi yote ya kusoma! Haina nyingine. Dalili ya mvua ni mawingu, na huyu alikuwa anasoma mawingu kila siku mlangoni kwao, ila hakuna aliyemwambia kwamba ukurasa nao una mawingu.

Hapo ndipo diploma yangu ilipofanya kazi yake. Mwalimu Limi alinionyesha mlango, sikatai, lakini kuingia niliingia mwenyewe. Jumapili nzima nilikaa nikipanga somo.

Jumatatu nikaingia darasani nikaandika habari ubaoni, bila orodha. Wakaanza kelele.

“Mwalimu, msamiati!”

“Leo hakuna msamiati.”

“Tutaimba nini?”

“Leo hatuimbi. Leo tuna wageni.”

Habari yenyewe ilimhusu mbuni, ndege ambaye baadhi yao walikuwa wamemwona kwa mbali upande wa mbugani. Niliandika hivi: mbuni jike hutaga mayai makubwa kwenye shimo la mchanga. Mayai hayo huatamiwa kwa zamu. Jike huyalalia mchana na dume huyalalia usiku, mpaka vifaranga watoke. Neno “huatamiwa” hakuna aliyelijua. Nikawauliza wanadhani ni nini.

Shija, mvulana aliyekaa nyuma na aliyekuwa na njaa siku zote, akanyoosha mkono. “Huliwa, mwalimu!”

Darasa likacheka. Mwenzake Kulwa akageuka. “Yakiliwa, vifaranga watoke wapi? Tumboni mwako?”

“Mimi nimesema huliwa kwa zamu,” Shija akajitetea. “Zamu haijafika kwa mengine.”

Wakacheka tena, na mimi nikacheka. Kisha nikawaambia, “Shija hajakosea kudhani. Mayai huliwa kweli, na neno lake linakaa vizuri pale alipoliweka. Lakini Kulwa amesoma mbele, amekuta vifaranga. Sasa Shija achague: ang'ang'anie, au aache kudhani hivyo?”

“Naacha,” akasema Shija, “ila nina njaa.”

Nikamgeukia Minza. Kidole chake kilikuwa kwenye neno, kama siku ile. Darasa zima likageuka kumtazama, maana wote walijua habari ya karatasi nyeupe, na walijua habari ya Malampaka. Watoto hujua kila kitu.

“Minza,” nikamwambia taratibu, “mzee huyu amefika kwenu. Jina lake hulijui, na kumwuliza si adabu. Utamfukuza?”

“Hapana, mwalimu.”

“Utasimama mlangoni umkodolee macho mpaka baba arudi?”

“Hapana.”

“Utafanyaje?”

Akafikiri. “Nitampa kigoda.”

“Basi mpe. Mwache akae. Wewe endelea kumtazama. Amekuja na nani?”

Kidole, mwanangu, kikasogea. Kikapita lile neno, kikaingia mstari uliofuata, polepole, kama mtu anayekanyaga tope kwa mara ya kwanza baada ya mvua. “Amekuja na mayai,” akasema. “Amekuja na zamu. Huyu wa mchana, huyu wa usiku. Wanayalalia.” Macho yakamfunguka. Akalisema neno lenyewe kwa Kisukuma, lile analolisema mama yake kila siku juu ya kuku aliyeko kwenye kikapu nyuma ya mlango.

Nikageukia ubao nikajifanya nafuta kitu. Mwalimu haonwi akilia.

Usidhani mambo yalinyooka siku ile ile. Hapana. Miezi iliyofuata ilikuwa ya kazi. Kumbukumbu ya Minza, iliyokuwa nguvu yake, ilikuwa pia ukuta wake. Kila alipoona neno geni alitaka kukimbilia orodha. Wiki nzima alikuwa anapita vizuri, kisha siku moja anakwama tena na kunitazama. Shija, ambaye hakuwahi kukariri chochote maishani mwake, alijifunza haraka kuliko yeye, kwa sababu alizoea kudhani na kuchekwa. Nilijifunza jambo hapo. Aliyezoea kupatia anaogopa kudhani.

“Mwalimu, nikidhani vibaya je?” Minza aliniuliza siku moja tukifagia darasa.

“Utasoma mbele, utaona, utaacha kudhani hivyo.”

“Watacheka.”

“Watacheka. Shija yuko hai bado, au siyo?”

Akatabasamu.

Tukawa tunawajua wale wanaofuatana na mgeni. Ukiona “yaani”, mwenyeji mwenyewe anakutambulisha mgeni wake, sikiliza. Ukiona “kwa mfano”, anakuonyesha watoto wake. Ukiona “lakini”, jua waliokaa pande mbili hawafanani: tulisoma kwamba mbuni ana mabawa lakini hawezi kupaa, hukimbia tu, na hata Shija akajua kupaa ni nini. Picha chini ya habari si pambo, itazame kabla hujasoma na uirudie ukikwama. Tulirudi hata kwa ngamia wetu. Minza aliusoma ule mstari wa pili mpaka mwisho wake, akakuta “yaani” imekaa pale pale karibu na kidole chake cha zamani, akasema kwa huzuni, “Kumbe aliniambia mwenyewe.”

Na kamusi? Sikuitupa. Kuuliza si ujinga. Niliihamishia meza ya nyuma, na sheria ikawa moja: haendi mtu kwenye kamusi mkono mtupu. Nenda na dhana yako, ukaone kama ni yenyewe. Watoto walikwenda wakikimbia, wakirudi wakipiga kelele, “Nilimjua! Nilimjua!” Mtoto aliyedhani akakuta ni kweli hafundishwi tena neno hilo maisha yake yote.

Siku ya mtihani walimu tulibadilishana shule, mimi nikapelekwa kusimamia mbali. Nilisimama mbele ya watoto wa watu wengine nikiwaza mmoja. Jioni nilirudi kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikamkuta Minza amekaa kwenye ngazi ya ofisi, magoti ameyakumbatia. Wenzake walishaenda nyumbani zamani.

“Mwadila, mwalimu.”

“Mwadila, mama.” Nikaegemeza baiskeli ukutani. “Haya, niambie.”

“Walikuja wageni wawili.”

“Uliwafanyaje?”

“Mmoja nilimjua kabla sijafika nukta. Mwingine sikumjua kabisa. Nilimtazama huku na huku, hakuja na mtu.” Akainua uso. “Nikampa kigoda, nikapita. Habari nimeimaliza, mwalimu.”

Habari nimeimaliza. Nimepokea vyeti mikononi mwa wakubwa, nimepigiwa makofi ukumbini, lakini sijawahi kupewa kitu kizito kama maneno yale mawili.

Matokeo yalipotoka alikuwa amepita. Hakuwa wa kwanza. Kulwa alimshinda, na Kulwa alihakikisha tunajua. Mzee Luhende alikuja tena ofisini, na safari hii alikaa.

“Dada yangu nimemtumia salamu atafute msichana mwingine,” akasema. Kisha akakuna kichwa. “Ila mwalimu, sasa haimbi. Anauliza. Kila karatasi ya dawa ya ng'ombe ninayoleta, anaisoma mpaka mwisho, kisha ananiambia nimekosea kipimo. Afadhali alipokuwa anaimba.”

Mwalimu Limi alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nimefika nilikotaka kukufikisha. Siku hizi maana za maneno zimejaa simuni. Utakwenda na simu yako nzuri, mtoto atakwama, nawe utaona huruma, utabonyeza, utampa. Utakuwa umemfanyia wema wa dakika moja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mtoto anayetegemea maana za mwalimu wake hufa maskini siku mwalimu akihamishwa. Huwezi kumfundisha kila neno atakalokutana nalo. Hata mimi na diploma yangu siwezi, na sidanganyi nikisema niko miongoni mwa walioweza zaidi huku kwetu. Unachoweza ni kumfundisha asiogope kukaa na neno asilolijua.

Kwa hiyo usitangulie mbele ya wanafunzi wako kusafisha njia yote. Waache wakute mgeni. Wafundishe kusoma mpaka nukta, kisha mbele ya nukta, kisha kurudi nyuma. Wafundishe kudhani kwa sababu, si kwa kubahatisha tu, na ukimwuliza mtoto anadhani nini, mwulize pia ameonaje. Anayekosea mshukuru mbele ya wenzake, maana amewafungulia mlango. Neno lisilojulikana kabisa waambie walipatie kigoda, wasilisimamie mlangoni mpaka jua lizame. Na kabla hujamhukumu mtoto kwa karatasi yake tupu, nenda kwao, kaa, unywe maji, umtazame. Huenda anachokosa darasani anakifanya nyumbani kila siku, na kazi yako ni kumwambia tu kwamba ni kitu kile kile.

Nenda basi. Mungu akujalie subira ya mkulima anayengoja pamba ifunguke yenyewe. Akupe darasa lenye kelele za maswali, akupe na mwalimu mkuu wa kukukemea ukiwa bado kijana wa kukemeka. Watoto watakaopita mikononi mwako wasikwame mlangoni mwa ukurasa wowote. Na popote utakapofika ukiwa mgeni, mwanangu, ukute mtoto wa watu amekuwekea kigoda kivulini, na maji ya kunywa, na macho ya kukutazama kwa wema mpaka akujue. Wabeja, yaani asante, kwa kunisikiliza.